Sekunde Tatu, Stesheni ya Otoibe

Haruma, uliitaka picha ya treni ya mwisho.
Sikiliza kwanza nilivyoipiga,
ndipo uniambie imeharibika.

Saa tatu kasorobo usiku. Hokkaido, mwezi wa tatu,
theluji bado inafika kiunoni.
Baba amevaa koti la kazi
ambalo shirika lilisahau kumdai.
Amenyoa. Amenyoa, Haruma,
mtu ambaye tangu mama atutoke
hunyoa siku ya kwenda kwa daktari wa meno tu.

Simu nimeificha kwapani kama kifaranga,
maana baridi ya huku hula betri
kuliko mwanao alavyo wali.
Lenzi nimeifuta kwa ncha ya skafu:
alama moja ya kidole chenye mafuta
na kila taa huota ndevu.

Mmweko nimeuzima.
Mara ya kwanza niliuacha ukawaka,
ukamulika chembe za theluji zilizokuwa mbele ya pua yangu,
nikapata picha ya pamba inayopepea
na nyuma yake weusi wa chungu.
Usiku haupigwi kofi ndipo useme.
Usiku hungojwa.

Sikuikuza picha kwa vidole; nilisogea mwenyewe,
hatua kumi na moja, buti likizama kila hatua,
hadi kwenye nguzo ya uzio.
Hapo nikaisimamisha simu,
nikaiegemeza kwa glavu iliyokunjwa,
nikaiwekea kipima muda
ili hata mguso wangu usiitikise.
Nikagusa taa ya jukwaa pale kwenye kioo,
nikashusha mwanga kidogo, kidogo tena,
mpaka theluji ikaacha kuwa karatasi tupu
ikarudi kuwa theluji, na mikunjo yake ya buluu.

“Baba, sekunde tatu usijitikise.”
Akanitazama kama mtu anayefundishwa kupumua.
Miaka arobaini na mmoja alisimama papo hapo,
kidole kimenyooka kuielekea taa ya ishara,
akiitaja kwa sauti, Kijani!
hata siku ambazo hapakuwa na abiria
wala kunguru wa kumsikia.

Treni ikaja. Behewa moja.
Limejaa kuliko lilivyowahi kujaa,
watu wametoka mbali kuiaga reli
ambayo hawakuwahi kuipanda.
Wanapunga mikono, wanapiga picha,
mimweko inawarudia kwenye vioo vya madirisha.
Baba hakupunga.
Alinyoosha kidole.
Simu ikaanza kuunywa mwanga.

Moja.
Mbili, na ardhi ikinitetemekea nyayoni.
Ile ya tatu ilikuwa ndefu, Haruma.

Sasa itazame tena.
Ndiyo, treni haimo.
Kuna uzi mwekundu, na wa manjano chini yake,
umepita usawa wa kifua
kama mtu aliyekata jina daftarini.
Wote waliopunga wamekuwa ukungu.
Aliyetulia ndiye aliyebaki:
kunyanzi za shingo, damu kavu pale wembe ulipomkwaruza,
kifungo cha tatu kisichofanana na wenzake,
alichokishona mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki.
Na juu ya paa, hesabu, nyota nane.
Mimi nilikuwapo na sikuziona hata moja.

Nilimwonyesha palepale.
Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.
“Treni iko wapi?”
“Imepita, baba.”
Akachungulia saa yake ya mfukoni.
“Imechelewa dakika mbili,” akasema,
kwa hasira, kama vile kesho
atamwandikia mtu barua ya kumwonya.
Kisha mkono ulioshika saa ukaanza kutetemeka.

Huo sikuupiga picha.
Betri ilibaki asilimia nne,
na kuna vitu hali ya usiku haivishiki, maana havitulii.
Nikautia mkono wake kwenye mfuko wa koti langu,
pamoja na saa yake,
tukaenda nyumbani kwa kufuata reli.